Petroli Iliyolala, na Jinsi Iharibuvyo Mashine Ndogo za Mashua

Huenda wengine mtashangaa kuona habari za mashua katika gazeti lisomwalo mlimani, mahali ambapo maji tuyajuayo sana ni ya mfereji upitao kihambani. Walakini ni nyumba ngapi za Old Moshi, za Kibosho, za Marangu na za Mwika zisizo na mtoto au shemeji aliyeshuka tambarare kutafuta riziki? Maji yetu hayakai mlimani, nasi vile vile hatukai. Mto Kikuletwa na Mto Ruvu hushuka na kukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, kiasi cha kilometa 50 kusini ya mji wa Moshi, na hapo ndipo utokapo Mto Pangani uendao baharini. Huko bwawani wako wavuvi wengi. Wako tena watu wa Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya, penye mafunjo na viboko. Wengi wao hupiga makasia hata leo. Lakini mtu apatapo fedha kidogo, neno la kwanza alifikirialo ni mashine ya kupachika nyuma ya mtumbwi.

Mashine hiyo si kitu cha bei ndogo. Mara nyingi hununuliwa kwa fedha za ndugu watatu au wanne, au kwa mkopo wa chama. Basi ikilala miezi miwili na kukataa kuwaka, si mwenye mashine peke yake aumiaye. Na afadhali ikatae ikiwa ufukoni! Jambo baya zaidi ni ile iwakayo asubuhi, ikakohoa kohoa, ikawapeleka watu mpaka katikati ya maji, kisha ikazima wakati upepo wa alasiri unapoanza kuinua mawimbi. Mtumbwi usio na nguvu hugeuka ubavu, na maji huingia. Tumeulizwa mara nyingi sababu ya jambo hili, na watu husema mashine zimerogwa, au kwamba za siku hizi ni mbovu. Sisi twasema, tazameni kwanza ndani ya tangi.

Mashine hizi si za jana. Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norway na kukulia Marekani, alianza kuuza zake mjini Milwaukee mwaka 1909. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia kwenda kumnunulia mchumba wake aiskrimu, na aliporudi ilikuwa imekwisha yeyuka. Ndipo alipoanza kuwaza habari ya kuisukuma mashua kwa mtambo. Kama ndivyo ilivyokuwa au siyo, huyo mchumba, Bess, akawa mkewe, na ndiye aliyemsaidia katika kuziuza. Tangu siku hizo mashine zimekuwa bora sana, lakini ugonjwa wa petroli iliyolala zimekuwa nao muda wote.

Sasa petroli ni nini, hata ilale? Watu wengi hudhani ni kitu kimoja, kama maji yalivyo kitu kimoja. Sivyo. Ni mkusanyiko wa mafuta mamia kwa mamia, mengine mepesi sana, yarukayo hewani mara ufunguapo kifuniko, na mengine mazito yabakiayo nyuma. Yale mepesi ndiyo yawashayo mashine ikiwa baridi. Ile harufu kali ikupigayo puani kituoni ndiyo hayo mepesi yanaondoka. Basi petroli ikikaa katika chombo kisichozibwa vizuri, mepesi hutangulia kutoka, na yabakiayo ni mazito tu. Mtu huvuta kamba mpaka bega linauma, na mashine hata kuguna haigunI, kwa kuwa chakula cha kuiamshia kimekwenda zake.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kazi ya hewa. Oksijeni iliyo hewani hushikana na mafuta yale, polepole, siku baada ya siku, na kuyageuza kuwa kitu cha kunata kama ulimbo wa kutegea ndege. Mwanzo huwezi kuuona ulimbo huo, maana umeyeyuka ndani ya petroli. Lakini petroli ikikauka mahali fulani, ulimbo hubaki pale pale, wa rangi ya kahawia, mgumu kama vanishi ya meza. Kila mama wa nyumba ajua kwamba kiporo cha wali cha jana hulika, na cha juzi hutupwa. Na watu wa mlima hawahitaji kufundishwa kwamba mbege ya leo si mbege ya kesho kutwa, ingawa hatuitaji hapa kwa kuisifu. Petroli nayo ina siku zake.

Siku hizo ni ngapi? Ikiwa imezibwa barabara, imejaa chomboni, na imewekwa mahali pa baridi penye giza, yaweza kukaa miezi 6 bila dhara kubwa. Ikiwa katika tangi lipumualo, mahali pa joto, huanza kuharibika katika mwezi wa kwanza au wa pili. Lakini ikiwa ndani ya kabureta, katika lile bakuli dogo la chini, wiki chache tu zatosha, maana pale ni kidogo sana na hewa huifikia.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa kabureta ndipo mahali pa msiba wenyewe. Petroli hutoka tangini, hupita katika mpira wenye kile kifuko kiminywacho kwa mkono, huingia pampu, kisha hushuka bakulini mwa kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya dogo. Bakuli likijaa, boya huinuka na kusukuma sindano izibe njia. Kutoka bakulini petroli hunyonywa kwa tundu dogo la shaba liitwalo jeti, ikachanganyika na hewa na kwenda kuungua. Tundu hilo, ndugu msomaji, hasa lile la kuiendesha mashine polepole, ni jembamba mno, kama tundu la sindano ya kushonea nguo nyepesi. Haihitajiwi ulimbo mwingi kuliziba. Bakuli likikauka polepole juani, ulimbo wote uliokuwa katika petroli ile hubaki chini, na mahali pa kwanza pa kuzibwa ni hapo. Tena shaba yenyewe huharakisha kuharibika kwa petroli iigusayo, jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Jeti likizibwa lote, mashine haiwaki, na huo ni msiba mdogo. Jeti likizibwa nusu, mashine huwaka. Huenda vizuri ukiivuta choki, na kuzima ukiirudisha. Huenda kasi na kukataa kwenda polepole, au kinyume chake. Wenyewe husema, "Itajisafisha njiani." Haijisafishi! Katika mashine za mipigo miwili, yaani zile zinywazo petroli iliyochanganywa na oili, jambo hili laweza kuiua mashine kabisa. Maana oili ya kulainisha pistoni huja ndani ya petroli hiyo hiyo. Petroli ikipungua kwa sababu ya jeti lililozibwa nusu, oili nayo hupungua, moto huzidi, pistoni hupanuka na kukwama ndani ya silinda. Hapo gharama si ya kusafisha kabureta tena. Nasi twadhani mashine nyingi zilizosemwa kwamba zimekufa kwa uzee zilikufa kwa njia hii.

Basi tuseme habari ya joto, kwa kuwa katika nchi yetu ina maana ya pekee. Wenye elimu ya mambo haya hufuata kanuni hii: joto likizidi kwa nyuzi 10, kuharibika kwa vitu namna hii huenda karibu mara mbili ya mbio zake. Sasa fikirini mtu wa Marangu anunuaye petroli Moshi mjini na kuiweka katika stoo yake chini ya migomba, na nduguye aiwekaye katika kibanda cha bati kando ya bwawa mwezi wa Februari. Petroli ni moja, siku ni moja, lakini ile ya bwawani huzeeka upesi sana. Kwa hiyo shauri letu kwa wavuvi wa tambarare ni hili: msinunue petroli ya mwezi, nunueni ya wiki. Mashine ya nguvu za farasi 15 ikienda mbio zote hunywa lita 6 au zaidi kwa saa moja, basi si kazi kujua utahitaji kiasi gani. Na aliye na pipa zima kwa sababu aliipata kwa bei nafuu, na aulize kwanza hilo pipa limekaa hapo tangu lini.

Juu ya vyombo tuna neno. Desturi imeenea ya kutumia madumu ya njano yaliyokuwa na mafuta ya kula. Twaijua sababu, ni rahisi na yako kila duka. Lakini ndani yake hubaki mafuta ya kupikia yasiyotoka kwa kuoshwa mara moja. Plastiki yake ni nyembamba, na kifuniko hakikazi sawasawa. Tena mwanga hupenya, na mwanga nao ni adui wa petroli. Chombo kizuri ni dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, au la chuma lisilo na kutu ndani. Lijazwe karibu na juu, lakini lisifurishwe; acha nafasi kidogo, kama sehemu moja katika 20, kwa kuwa petroli ikipata joto huvimba. Aliyepata kulifungua dumu bwawani, lililozibwa asubuhi penye baridi ya mlimani, ajua jinsi lipuavyo pumzi kama paka aliyekanyagwa. Na lifunguliwe polepole, mbali na moto.

Tena liandikwe tarehe. Mwalimu huandika tarehe ubaoni kila siku, na mvuvi aandike yake juu ya dumu kwa chaki au rangi: siku ya kununua, na kama limekwisha tiwa oili au bado. Kazi hii haichukui dakika moja.

Sasa maji. Tangi lililo nusu tupu hupumua: mchana hewa hutoka kwa joto, usiku huingia hewa yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone ukutani mwa tangi, kama jasho la mtungi. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka chini kabisa, na mrija unyonyao petroli umewekwa wapi? Chini kabisa. Kwa hiyo maji ndiyo yatangulizwayo mashineni. Masika hayasaidii, wala kumimina petroli mvuani bila kinga. Dawa ni kulijaza tangi likiwa litalala, au kulimaliza kabisa na kulikausha, na kuweka chujio lenye kikombe cha kioo kati ya tangi na mashine, upate kuona tone la maji kabla halijafika kabureta. Juu ya kifuniko cha tangi la kubebeka kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ifunge mashine inapolala, uifungue inapofanya kazi. Wako watu waliofungua kabureta mara tatu wakitafuta uchafu, na kumbe ni skrubu hiyo iliyosahauliwa kufunguliwa, tangi likawa linajinyonya lenyewe.

Katika nchi nyingine petroli huchanganywa na ethanoli, yaani alkoholi itengenezwayo kwa miwa au kwa mahindi. Marekani petroli nyingi huwa na sehemu 10 katika 100. Malawi nayo imekuwa ikichanganya alkoholi ya miwa tangu mwaka 1982, na wenzetu wa Ziwa Nyasa wapatao petroli ya ng'ambo na wajue hivyo. Alkoholi hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani na kuyashika, na yakizidi kiasi, alkoholi pamoja na maji hujitenga na petroli na kukaa chini kama tabaka. Tabaka hilo haliungui sawasawa, hula mipira ya zamani, na kuozesha madini laini ya kabureta. Petroli ya namna hii hailali muda mrefu kama ile isiyo na alkoholi.

Si kila petroli mbaya ni ya zamani. Nyingine huzaliwa mbaya. Wengi wenu mwakumbuka jinsi neno "kuchakachua" lilivyoingia vinywani mwa watu wote nchini, siku zile mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, na watu wenye tamaa wakayachanganya katika petroli na dizeli. Mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kuyatia mafuta alama ya siri ili yaliyoghoshiwa yajulikane, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, faida ya udanganyifu ikapungua. Lakini petroli iuzwayo kwa chupa kando ya njia hujui imepita mikononi mwa nani. Tia tone moja juu ya karatasi nyeupe safi. Petroli nzuri isiyo na oili hukauka upesi bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotaka kuondoka. Kipimo hiki si cha maabara, lakini humwonya mtu.

Na kwa petroli iliyolala viko vipimo vya macho na pua. Mimina kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uishike penye mwanga, kando yake petroli ya leo. Ya leo hung'aa. Ya zamani huwa imepiga weusi kama chai ya rangi. Ya leo hunusa ukali. Ya zamani hunusa uchachu, kama duka la rangi za nyumba. Maji yakiwamo, utayaona chini yakiviringika kama shanga. (Oili nyingi za kuchanganya zina rangi, basi linganisha iliyochanganywa na iliyochanganywa.)

Sasa tufike penye jambo kubwa, nalo ni kulaza mashine muda mrefu. Zamani mashine ililala mwenyewe akiugua au akienda kuvuna kahawa. Siku hizi zipo sababu nyingine. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, kwa mapatano ya nchi nne zilizozunguka ziwa lile, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaana. Hata Bwawa la Nyumba ya Mungu limepata kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. Hatuna ugomvi na kufungwa huko; samaki wasipopewa nafasi, mashine zitafanya kazi gani? Ila tunaona kwamba siku ya kufunga ziwa hutangazwa mapema, na kila mtu huuliza habari ya nyavu na ya mkopo, wala haulizi habari ya petroli iliyobaki katika kabureta. Miezi mitatu baadaye ziwa likifunguliwa, milango ya mafundi hujaa watu.

Mafundi wenyewe wayajua mazungumzo hayo kwa moyo.

"Bwana fundi, mashine yangu nimeiweka ikiwa nzima kabisa."

"Uliiweka lini, baba?"

"Kabla ya masika."

"Na mafuta yaliyokuwamo?"

"Yamo yote, sikuyagusa hata kidogo!"

Hapo fundi hutafuta bisibisi bila kuuliza zaidi.

Njia ya kuilaza ni hii. Siku ya mwisho, mashine ikiwa ingali majini, ipate maji yake ya kupoza, iendeshe polepole, kisha uchomoe mpira wa mafuta. Iache iendelee mpaka izime yenyewe kwa njaa. Kisha fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukinge kikombe, maana hata iliyozima kwa njaa hubakiza kidogo chini ya jeti. Kaza skrubu tena. Ondoa plagi, tia oili safi kidogo katika tundu lake, uvute kamba polepole mara mbili tatu ili oili ipake silinda, kisha rudisha plagi. Isimamishe mashine wima kivulini, usiilaze juu ya mchanga, maji yaliyo ndani yake yapate kutoka yote. Tangi ulimalize, na petroli iliyobaki itumike katika pikipiki au gari wakati ingali nzuri. Lakini ikiwa imekwisha tiwa oili, usiipeleke huko ila kwa shauri la fundi. Kazi yote ni ya nusu saa.

Neno moja kwa wenye mashine mpya zisizo na kabureta, zile zipulizazo mafuta kwa pampu ya umeme: msiziue kwa njaa, maana pampu yake hulainishwa na petroli yenyewe. Hizo zifuatwe kama kitabu chake kisemavyo.

Iko pia dawa ya kuhifadhi petroli, iuzwayo katika maduka ya vipuri ya miji mikubwa. Ni kweli hufaa, ikitiwa katika petroli ingali mpya, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, na mashine ikaendeshwa kama dakika 10 ili dawa ifike kabureta. Lakini haifufui. Atiaye dawa katika petroli iliyokwisha haribika amepoteza petroli na fedha ya dawa.

Juu ya kuchanganya oili, twasikia vipimo vya ajabu: kifuniko, kijiko, "kwa macho." Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, lakini kitabu cha mashine yako ndicho kisemacho la mwisho. Kwa kipimo hicho, lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili, na lita 20 hutaka mililita 400. Walimu, hili ni somo zuri la hesabu kwa watoto wa darasa la tano, tena baba zao watawasikiliza. Oili iwe ya mashine za mashua, yenye alama ya TC-W3, wala si ya pikipiki wala ya gari. Na ichanganywe ile itakayotumika upesi tu. Iliyochanganywa isizidi mwezi mmoja, na ikisimama, itikiswe kabla ya kumiminwa.

Mashine ikiwa imekwisha ugua, usianze kwa kuvuta kamba mara mia. Mwaga petroli yote ya zamani, tangini, mpirani na bakulini. Safisha au badili chujio, tazama plagi, kisha tia petroli mpya. Mara nyingi hiyo pekee yatosha. Isipotosha, kabureta ifunguliwe na mtu ajuaye, juu ya kitambaa cheupe, ili skrubu ndogo zisipotee. Matundu ya jeti yapulizwe kwa upepo wa pampu, baada ya kulowekwa katika dawa ya kusafishia kabureta. Yasichokonolewe kwa waya wala pini! Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika daima. Ikiwa hapana budi kupitisha kitu, uzi laini wa mshipi wa nailoni wafaa, na huo mvuvi hakosi.

Haya tuliyoyasema ya mashua ni ya mashine nyingine pia. Pampu ndogo za petroli zinyweshazo nyanya na vitunguu huko Kahe na kando ya Ruvu, misumeno ya kukatia miti, jenereta za harusi na za matanga, zote zina kabureta, na zote hulala miezi. Aliye na pampu asijidhani kwamba habari hii haimhusu kwa sababu hana mtumbwi.

Limebaki jambo la nyumbani, na akina mama wasikie. Petroli isiwekwe ndani ya nyumba ilalwayo, wala jikoni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama moshi wa kuni mbichi, bali hauonekani, na hushika moto hata katika baridi ipitayo ile ya kilele cha Kibo. Tarehe 10 Agosti 2019, karibu na Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Dumu moja la stooni ni dogo kuliko lori, lakini kitu kilichomo ni kile kile.

Tena isitiwe katika chupa za maji wala za soda. Mtoto mwenye kiu haulizi, hunywa. Akinywa, msimtapishe, maana petroli ikipanda huingia mapafuni, na huko ndiko iuako. Msimpe maziwa kwa nguvu wala mafuta ya kula, bali mpelekeni hospitali upesi, pamoja na chupa aliyoinywea. Na wale wavutao petroli kwa mdomo katika mpira, wakitoa tangi moja kutia jingine, wanunue kipampu cha mkono.

Mwisho, petroli iliyoharibika itupwe wapi? Ikiwa imezeeka kidogo tu, haina maji wala uchafu, sehemu 1 yaweza kuchanganywa na sehemu 4 za petroli mpya, ikaungua bila dhara. Iliyokwisha geuka rangi na harufu ipelekwe gereji ikusanyayo oili chafu, katika dumu lililoandikwa. Isimwagwe chooni wala juu ya takataka zinazowaka. Na mtu yeyote wa mlimani asiisuuze kabureta wala dumu lake mferejini, hata kidogo, hata usiku. Kihamba kilicho chini yako wanakinga maji ya chai alfajiri.